Salesio Kaimenyi M'Imanyara, Aliyewangojea Nondo Isiolo (1931–1967)

Leo Alhamisi, tarehe 13 Aprili 1967, tuko hapa Kianjai kumweka ardhini Salesio Kaimenyi M'Imanyara. Mimi ni Kagendo, dada yake anayemfuata. Wazee wa ukoo waliniomba niandike habari za maisha yake kwa sababu mimi ni mwalimu, na kwa sababu nilikaa naye Isiolo miaka yake ya mwisho. Nimeandika kama nilivyoweza. Mahali ambapo maneno yamekuwa machache, naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Kianjai, mtoto wa kwanza wa Mzee M'Imanyara, aliyetutangulia mwaka wa 1959, na mama yetu Teresia Kinya, ambaye ameketi hapa mbele. Tarehe ya kuzaliwa haijulikani. Mama anasema ulikuwa mwaka ule nzige walipomaliza mtama wote, na watu wakawachoma nzige wenyewe wakawala. Padri alipombatiza, tarehe 8 Desemba 1940, alimwuliza Mama maswali mengi kuhusu nzige hao, akapiga hesabu, akaandika Oktoba 1931. Salesio aliitumia tarehe hiyo maisha yake yote bila kulalamika.

Alianza shule ya misheni mwaka wa 1941. Walimu wake walisema hakuwa mtoto wa kusumbua, ila alikuwa anachelewa. Mama alikuwa akimtoa nyumbani mapema, na bado alifika wengine wameshaimba, magoti yake yamelowa umande. Alikuwa amepiga magoti njiani kuangalia kitu kwenye nyasi. Alichapwa kwa ajili hiyo, na kesho yake akachelewa tena. Alimaliza darasa la nane mwaka wa 1949. Kwa miaka miwili baada ya hapo alifuatana na Baba kuteremsha miraa Isiolo, na huko ndiko alikojifunza Kiborana, akikaa sokoni na wachungaji waliokuja kuuza ng'ombe. Mwaka wa 1952 alipata nafasi ya kusomea kilimo, akapata cheti mwaka uliofuata.

Aliandikwa kazi katika idara ya kilimo mwezi wa Februari 1954. Alifundisha watu kuchimba matuta na kupanda kahawa upande wa Nkubu, kisha akapelekwa Timau kwenye ngano. Wengi wenu mlio hapa mnamkumbuka kwa baiskeli yake na kofia yake ya kaki, akiwaita mama zenu "Mama Shamba" ili asikosee majina.

Kazi hiyo pia ndiyo iliyompa mke. Kajuju amenieleza niandike hivi: Salesio alikwenda kwa mama yake Kajuju kumwonyesha namna ya kupanda mahindi kwa mistari, na alirudi mara nyingi kuliko mahindi yalivyohitaji. Mama mkwe aliwahi kumwambia, "Bwana Kilimo, hayo mahindi yameshavunwa." Walifunga ndoa kanisani tarehe 24 Agosti 1957. Mungu aliwapa watoto watatu: Kaberia, Kathambi, na Imanyara mdogo, ambaye bado hajafikisha miaka miwili. Kajuju alibaki hapa kwenye shamba pamoja na Mama, na Salesio alikuwa anapanda kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, mpaka barabara ilipokuwa mbaya.

Alihamishiwa Isiolo Januari 1962. Watu walimhurumia, wakisema huko hakuna shamba, Bwana Kilimo atalima mawe. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kuwangojea nondo.

Nyuma ya ofisi, pale mji unapokwisha na nyika inapoanza, palisimamishwa nguzo. Juu ya nguzo ilining'inizwa taa ya karabai, na chini ya karabai faneli kubwa ya bati iliyoingia ndani ya debe lenye dawa. Nondo hufuata mwanga, hugonga kioo, huteleza chini. Kila asubuhi Salesio aliwamwaga juu ya gazeti, akawachambua kwa unyoya wa kuku, akitafuta aina moja tu. Ni nondo mdogo, wa rangi ya kijivu na kahawia, mabawa yake ya nyuma meupe kama karatasi ya sigara. Ukimwona ukutani hutamtazama mara mbili. Huyo ndiye mama wa viwavijeshi. Salesio akishajua wamekuja wangapi alipeleka habari Nairobi kwa simu ya maandishi, na wenzake katika miji mingine, hata Tanzania na Uganda, walifanya vivyo hivyo, ili wakulima waonywe mapema.

Nilikwenda kukaa naye Januari 1963, nilipopata kazi ya kufundisha Isiolo. Wiki ya kwanza nilikuta mkebe wa Kimbo juu ya meza, umefungwa kwa kipande cha chandarua. Nilifungua nikitafuta mafuta ya kupikia. Nondo walitoka wakajaa sebule nzima, wakaingia kwenye nywele zangu na kwenye sufuria. Salesio aliporudi alikuta nimewafagia nje na kuku wanawamaliza. Alisimama akawatazama wale kuku muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, hao walikuwa wageni wa ofisi." Baada ya chakula alinieleza, na ninaandika hapa jinsi alivyoeleza, kwa sababu aliwaeleza hivyo watu wote waliokuwa tayari kumsikiliza.

Nondo huyu hana kwao. Wakati wa kiangazi hubaki wachache wachache, kwenye majani mabichi ya pwani na ya milimani, na hakuna anayewaona. Mvua za Oktoba na Novemba zikianza kupiga nyika ya mashariki, upepo unawabeba mbali sana, na mahali mvua inaponyesha wanaangushwa pamoja. Hapo jike hutaga mamia ya mayai kwenye jani la nyasi, akayafunika kwa manyoya meusi ya mkia wake kama mtu anayefunika mtoto. Siku chache tu, yanaanguliwa. Wadudu wanaotoka ni wadogo kiasi cha kutoonekana, wananing'inia kwa uzi kama wa buibui. Wakiwa wachache wanabaki kijani, kila mmoja anajificha peke yake, na hawana madhara kwa mtu. Wakiwa wengi wanabadilika. Wanakuwa weusi, wana mistari ya njano ubavuni, wanapanda juu ya majani mchana kweupe, wanakula pamoja, na nyasi zikiisha wanatembea pamoja. Hawali kila kitu. Wanakula nyasi na jamaa zake: mahindi, mtama, mawele, ngano. Maharagwe hawagusi. Halafu siku moja unaamka huwaoni. Wamejizika. Kila mmoja amejichimbia chumba chake chini ya udongo, amekuwa kitu cha kahawia kama kokwa, hana mdomo wala miguu. Ukipita juu yao hujui. Baada ya wiki moja na kitu nondo wanatoka, wanapanda mitini kukausha mabawa, na jua likizama wanainuka na kuufuata upepo. Upepo wa msimu huo, kutoka upande wa Kulamawe, huko nyika ya mashariki, unakuja huku kwetu.

"Kwa hiyo ukitaka kuokoa mahindi ya Mama," aliniambia, "inabidi umtafute huyu kule kwenye nyasi za Waborana, kabla hajapata mabawa."

Vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kujitenga na Kenya, vilianza mwisho wa mwaka ule. Isiolo iliwekwa kafyu. Taa inayowaka usiku kucha ukingoni mwa mji ilikuwa jambo gumu kueleza. Asubuhi moja mwaka wa 1964 tulikuta karabai imevunjwa kwa kitako cha bunduki, na askari wa doria wakamchukua Salesio. Sajini alimwuliza ile taa inampa nani ishara. Salesio akajibu, "Nondo." Sajini akaandika Nondo, kisha akauliza jina la baba yake. Salesio alikaa ndani mpaka mchana, ofisi ilipotuma mtu wa kumtoa. Alipata ruhusa, karabai nyingine ikaja, na kazi ikaendelea. Tulicheka wakati ule. Baadaye hatukucheka sana, kwa sababu shifta nao walikuwa wamesikia kuna mtu wa serikali anayelinda taa.

Mwaka huo huo alikuja ofisini mzee mmoja wa Kulamawe anayeitwa Dima Gollo. Alikuwa na ng'ombe waliovimba na kufa baada ya kula nyasi ambazo wadudu weusi walikuwa wamepita. Alitaka kujua ni uchawi au ni sumu. Salesio alimwambia kwa Kiborana kwamba hajui sababu, ila yeye pia ameona mahali pengine ng'ombe wakifa hivyo, na dawa anayoijua ni kuwahamisha wanyama mapema. Mzee Dima alimpenda kwa kusema hajui. Tangu siku hiyo, akija mnadani alipitia kwetu kunywa chai. Aliacha viatu mlangoni, akasema salaam aleikum kwangu, akaniuliza habari za shule kana kwamba mimi ni mwanaume mwenzake. Aliporudi kwao alikuwa anaangalia nyasi kwa niaba ya Salesio, na akipata mtu wa kuja mjini alituma habari.

Mwaka wa 1966 serikali iliwakusanya watu wa Kulamawe kwenye kambi, ili wasiwasaidie shifta. Palizungushiwa boma la miiba, mlangoni kukawa na kibanda cha askari, na nje kidogo yakapangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Wanyama hawakuruhusiwa kuvuka mawe hayo. Mchungaji aliyeonekana upande wa pili alihesabiwa kuwa shifta. Nyasi za ndani ya mawe zilikwisha upesi, na wanyama wengi wakafa kabla ya mvua.

Mvua ya Novemba ilikuwa nzuri. Nyasi zilirudi. Asubuhi ya tarehe 3 Novemba Salesio alikuta debe limejaa nondo mpaka juu, na wengine wamelala kwenye faneli kama majani makavu. Alipeleka habari Nairobi. Alirudi nyumbani, nikamwekea chai, hakuinywa. Alisema, "Wameangukia kote huko. Na wale watu hawawezi kuhama."

Ofisi ya Isiolo ilikuwa na magunia ya dawa ya unga, si mengi. Desturi ilikuwa mashamba kwanza: mahindi ya huku juu, ngano ya Timau, na bustani za Kinna. Nyasi za malisho hazikuwa kwenye desturi hiyo. Katikati ya mwezi Salesio alipata nafasi kwenye msafara wa magari uliokwenda Kulamawe. Aliendeshwa na Nakuam, dereva wa ofisi, Mturkana, ambaye yuko hapa nasi na ndiye aliyenieleza mengi ya haya. Waliingiza magunia yote kwenye gari.

Waliwakuta wadudu ndani ya mawe ya chokaa. Walikuwa bado wadogo lakini wameshakuwa weusi. Mzee Dima alikuwa amesimama katikati yao na fimbo yake.

"Bwana Kilimo," alisema, "umechelewa ama umewahi?"

"Nimewahi kidogo. Wiki ijayo hii yote itakuwa udongo."

"Basi mwaga dawa."

"Nikimwaga, ng'ombe wakila watakufa. Lazima watoke kwanza. Wakae nje mpaka mvua ioshe majani."

Mzee Dima alimwonyesha yale mawe. "Waambie hao. Mimi nikiwaambia nitapigwa risasi."

Bwana DO, ofisa wa wilaya aliyesimamia kambi, alikuwa amekuja na msafara ule ule. Nakuam alikuwa karibu akibadilisha gurudumu, akasikia yote. Bwana DO hakuwa mtu mkali. Alisema, "Kaimenyi, hiyo dawa ni ya mahindi ya watu wako. Wewe ni Mmeru. Utaenda kuwaambia nini nyumbani?"

"Nitawaambia hawa wadudu wakimaliza nyasi hii wataingia chini, watapata mabawa, watakuja kwao. Nikiwaua hapa nimewaua kwa wote."

"Na ng'ombe wakitoka wasirudi? Hao watu wakienda kuungana na shifta, wakiwapelekea ng'ombe wa kula?"

"Watarudi."

"Nani anajua?"

Nakuam anasema Salesio alivua kofia. Kisha akasema, "Mimi nitakaa hapa ndani. Mniweke pale kibandani. Wasiporudi, mtasema mimi ndiye niliyewatoa."

Bwana DO alimwangalia. Alisema, "Mpaka Jumamosi jua likizama." Kisha akamwambia sajini wa zamu, na sajini akasema, "Ndiyo, afande," lakini uso wake ulikuwa unasema kitu kingine.

Ng'ombe walitoka Jumatatu asubuhi. Mzee Dima aliwaongoza na vijana wake. Pale mlangoni alisimama mbele ya Salesio akampa mkono. Waliobaki ndani, wengi wao wanawake na wazee, walifanya kazi ya dawa. Hapakuwa na mashine. Walitia unga kwenye magunia mepesi, wakayafunga kwenye fimbo, wakatembea mstari mmoja wakiyatikisa juu ya nyasi. Salesio aliwaambia wajifunge vitambaa puani. Vitambaa havikutosha, na yeye alitembea bila kitambaa, mbele, upande ambao upepo ulikuwa unarudisha unga. Nakuam anasema jioni alikuwa mweupe nyusi na ndevu. Wadudu walianguka. Walifanya hivyo siku kadhaa, mpaka magunia yakaisha na wadudu waliobaki wakawa wachache.

Jumamosi jua lilizama, na ng'ombe hawakuonekana.

Sajini alimwingiza Salesio kwenye kibanda akafunga mlango kwa nje. Asubuhi ya Jumapili mke wa Mzee Dima, Qabale, alileta maziwa. Askari walimkatalia kuingia. Akakaa chini mbele ya kibanda, na kibuyu chake magotini, mahali ambapo Salesio angeweza kumwona kupitia nafasi ya mbao. Wanawake wengine walikuja wakakaa naye. Hawakupiga kelele. Sajini aliwaambia waondoke, wakamwambia hawana pa kwenda, kwa sababu ndipo walipowekwa. Salesio aliniambia kwamba muda ule wote alikuwa anafikiria jinsi atakavyomweleza Kajuju.

Kabla ya adhuhuri lilionekana vumbi. Ng'ombe walikuwa wanarudi wote, na vijana wote, na Mzee Dima nyuma yao, amelowa mpaka kifuani. Lugga, korongo la mto wa msimu, lilikuwa limejaa maji njiani, wakalazimika kungoja yashuke. Sajini alifungua mlango. Alimwambia Salesio, "Una bahati."

Salesio akamjibu, "Walisema watarudi."

Hiyo ndiyo habari ya Kulamawe. Nimeiandika kwa urefu kwa sababu imesemwa hapa Kianjai kwa namna nyingine. Nyasi za kambi zilipona, na wanyama wale wakaishi. Lakini Desemba viwavijeshi walikuja hapa pia. Nondo walikuwa wameanguka mahali pengi nyikani, mbali na Kulamawe, ambako hakuna mtu aliyemwaga kitu. Walikula mahindi ya Mama, na mtama wa jirani zetu, na mawele ya upande wa chini. Wote tuliwasikia wakitafuna. Ikasemwa kwamba Kaimenyi alichukua dawa yetu akawapa ng'ombe wa shifta.

Alipokuja Krismasi aliulizwa hivyo nje ya kanisa, mbele ya watoto wake. Alijibu kwa sauti ya kawaida. Alisema wale wa Kulamawe hawakuruka. Hawa wametoka kwingine. Alisema kama dawa ingekaa huku ingetosha mashamba machache tu, na wangekuja wengi zaidi. Aliyeuliza akamwambia, "Hayo ni maneno ya ofisi." Salesio alikwenda akasimama kwenye shamba la Mama, akashika bua moja lililobaki na uti tu, akaliachia.

Usiku ule Kajuju alimwekea chakula. Amenipa ruhusa niseme walichoongea. Alimwuliza, "Ulipokuwa unafanya hayo, ulitufikiria?"

"Niliwafikiria."

"Hata ulipofungiwa?"

"Hapo zaidi."

Kajuju alimsogezea sahani, akamwambia, "Basi kula."

Kikohozi kilikuwa kimemwanza Novemba. Januari alipata homa, macho yakawa ya njano, miguu ikavimba. Alikuwa bado anawasha karabai kila jioni, na Nakuam akawa anambebea ngazi. Tarehe 20 Februari alilazwa hospitali Meru. Daktari alisema ni ini. Nilimwuliza kama ni ule unga, akasema yawezekana. Nikamwuliza kama ni homa ya kambini, kwa sababu watu wengi walikuwa wagonjwa kule, akasema pia yawezekana. Hatukuuliza tena. Katika siku za mwisho aliongea kidogo. Nakuam alipokuja kumwona, Salesio alitaka kujua kama taa inawashwa. Nakuam akamwambia inawashwa, na aliyekuja badala yake ni kijana mwangalifu. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Aprili 1967, asubuhi, Kajuju akiwa ameshika miguu yake na mimi nikiwa dirishani. Nje watu walikuwa wanatoka misa ya kwanza. Nakumbuka nilikunja blanketi. Sikumbuki mengine.

Marehemu amemwacha mama yake, Teresia Kinya. Mjane wake, Kajuju. Watoto wake, Kaberia, Kathambi na Imanyara. Na mimi dada yake, Kagendo.

Ipo sehemu moja ya orodha hii ambayo ukoo uliizungumza Jumanne, na nimeambiwa niisome kama ilivyoamuliwa. Nakuam alipita Kulamawe na msafara wa Jumatatu, akampa Mzee Dima Gollo habari hizi pale mlangoni. Mzee Dima aliomba ruhusa ya kuja kuzika. Hakupewa, kwa sababu watu wa kambi hawatoki. Kisha akamwambia Nakuam, "Huko Meru wakizika mtu wanaandika ndugu zake. Waambie waniandike."

Tulipokaa nyumbani, baadhi ya wajomba walisema haiwezekani. Walisema si wa damu yetu wala wa dini yetu, na watu wa Kianjai wakisikia jina hilo watakumbuka mahindi. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Mama alikuwa hajasema kitu tangu Jumapili. Akasema, "Shamba lililoliwa ni langu. Mwanangu aliwekwa rehani kwa ajili ya huyo mtu, na huyo mtu akarudi. Mwandikeni."

Kwa hiyo marehemu amemwacha pia ndugu yake, Dima Gollo wa Kulamawe.

Salesio, umefika nyumbani. Bwana akupe usingizi mtulivu, nasi atupe kuamka kesho.